Jiwe Ulilolileta Lilikuwa Safi

Mwanangu Zuhura,

Mamako amekwisha kukwambia ya blanketi, ya sweta, ya kuchemsha maji, na ya kutomwazima mtu ndoo yako ya kuogea. Mimi sirudii. Nimekaa hapa dirishani saa tisa alasiri, mlango nimeuegesha, maana kuandika kwa taa siwezi tena, na kesho asubuhi unapanda basi uende Meru chuoni. Mistari ikipanda na kushuka usinicheke. Jicho linaloandika ni la kushoto. La kulia lipo tu, linasindikiza.

Ninalo neno moja, na nitalisema sasa hivi kabla uoga haujanishika. Lile jiwe la kijani la Mwakio mchimbaji, hukulibadili. Hukuifungua karatasi, hukumpa mtu, hukuchezewa njiani. Uliniletea jiwe lile lile ulilopewa. Mimi babako nimelijua hilo kwa miaka mitatu, na nikanyamaza.

Umeshtuka? Hata mimi nimeshtuka kuliona limeandikwa. Nimeweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Bado limeandikwa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana wewe uliona upande wako tu.

Unaijua kazi yangu tangu hujaota meno. Wachimbaji walikuja na mawe yao ya thamani kutoka Mwatate na Kasigau, mimi nikawaambia hili safi, hili lina ufa, hili lina doa, na nilichosema ndicho kilichokuwa. Matajiri wa Nairobi walikuwa wakiuliza, "Salim ameliona?" Kama nimeliona, basi, hawatii lenzi tena. Nilijivuna, sikufichi. Nilijivuna mpaka nikawa sivumiliki. Na wewe ulikuwa ukikaa ng'ambo ya meza, unayaosha mawe katika bakuli ya maji, unanipa moja moja kwa kibano. Ulikuwa na mkono mtulivu. Nilimwambia mamako, huyu ndiye atakayerithi meza hii.

Jiwe la Mwakio nililiendea mwenyewe mara ya kwanza. Nililitazama kwa lenzi pale nje ya nyumba yake Mwatate, nikaona kitu sijapata kuona. Kubwa kama punje ya hindi, kijani mpaka ndani, safi. Lakini wenzake wawili wa shimo moja walikuwa hawapo, na unajua desturi ya wachimbaji, jiwe halitoki mpaka wote wa shimo walione linatoka. Nikamwambia aliweke. Wiki ya tatu akaniletea habari kuwa wenzake wamekubali. Siku hizo nilikuwa na homa, kichwa kinanigonga, macho mekundu. Nikakutuma wewe.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulilileta limekunjwa katika karatasi, karatasi ndani ya leso, leso umeifunga kwenye pindo la kanga ndani ya buibui. Nikafunga jicho la kushoto kama siku zote, nikatia lenzi kwenye la kulia, na katikati ya jiwe nikaona doa. La kijivu, kama mtu amegusa kwa kidole chenye masizi. Nikaliosha, doa lipo. Nikaligeuza, lipo. Nikaligeuza tena upande wa pili, lipo pale pale katikati.

Ala! Mtu aliyejiita mjuzi wa mawe, hakujiuliza kwa nini jiwe linageuka na doa haligeuki. Mtoto wa siku mbili kazini angejiuliza. Mimi sikujiuliza. Niliuliza, "Zuhura, ulikutana na nani njiani?"

"Sikukutana na mtu, Baba."

"Karatasi hii nani ameifungua?"

"Hapana mtu."

Mamako akasema, "Baba Zuhura, mtoto huyu hajapata kuchukua hata sukari ya mtu." Nikamwambia anyamaze. Nikamwita Bi Mwanamkuu jirani, na mumewe, wawe mashahidi. Nikakwambia ukatie udhu. Nikauteremsha msahafu kabatini.

Siku ile mkono wako ulitetemeka juu ya kitabu. Uliapa kwa sauti ndogo lakini maneno yote ulitamka, hukuruka hata moja. Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikaona kutetemeka kule ndio ushahidi. Nikakwambia mbele ya wale watu wawili, "Sasa umeongeza na kiapo cha uongo."

Hukulia. Ulikwenda nyuma ukaosha vyombo. Tangu siku ile hukukaa tena mezani kwangu, wala sikukuita.

Mwakio alikuja siku ya tatu, baada ya kupata habari. Akalishika jiwe, akaniangalia. "Mzee Salim, hii ndio ile jiwe. Mimi naijua kama mtoto yangu. Hii iko safi kabisa."

"Mwenye kujua safi ni mimi au wewe?"

"Lakini mzee, angalia tena."

"Nimeangalia mara kumi! Basi mmekula pamoja, wewe na huyu mtoto."

Mtu niliyekula naye chungu kimoja miaka yote ile! Akalifunga jiwe lake katika karatasi, akasimama. "Wewe mzee umeharibika," akasema, akaenda zake. Baadaye nikasikia kuwa amelipeleka kwa tajiri mwingine, na yule tajiri amelisifu kuliko mawe yote aliyoyaona Taita nzima. Unajua nilisema nini? Nilisema yule tajiri kipofu. Nilisema hivyo pale mkahawani, mbele ya watu, na nikacheka.

Baada ya hapo kila jiwe lililokuja mezani lilikuwa na doa. Kila moja! Nikawafukuza wachimbaji na mawe yao. Nikasema Taita imekwisha, ardhi haina kitu tena, imebaki takataka. Miezi sita, Zuhura. Miezi sita sikuona jiwe safi hata moja, na haikunipitikia kwamba ardhi nzima haiwezi kuharibika kwa mpigo. Macho yote mawili yakiwa wazi niliona vizuri, kwa kuwa la kushoto lilikuwa likilisaidia la kulia. Doa lilikuja nilipofumba moja tu, na nilifumba moja kwenye lenzi tu.

Siku ya vumbi unaikumbuka, kwa kuwa ulikuja mbio. Ule upepo wetu wa Voi ulinitia mchanga katika jicho la kushoto nikiwa kizingitini. Nikaliziba kwa kiganja, nikamwita mamako aje na maji. Akaja, akasimama mlangoni na sahani ya viazi mkononi. Nikamtazama. Mabega yapo. Shungi lipo. Mikono na sahani vipo. Uso hapana. Mahali pa uso pana moshi.

Nilipiga ukelele mpaka wapita njia wakasimama. "Rehema! Uso wako uko wapi?" Maskini mamako, akaangusha sahani, akaanza kusoma kila aya anayoijua, akidhani nimeingiwa na kitu. Wewe ukatokea nyuma, ukaninawisha. Nikaondoa kiganja, uso wa mamako ukarudi. Nikaziba, ukaondoka. Nikaziba tena na tena, kama mtoto anayecheza, na kila nikiziba moyo unataka kutoka.

Wiki ile ile ukanipeleka Mombasa. Mamako alikuwa na mdogo wako mgongoni, kwa hiyo ni wewe uliyebeba kadi, ukauliza njia, ukanishika mkono kwenye ngazi za hospitali.

Daktari alinipa karatasi yenye miraba, mistari ya kwenda juu na ya kupita, na kitone katikati. Akaniziba jicho zima. "Mzee, angalia katikati. Unaona nini?"

Nikaliona. Wewe ulikuwa nyuma yangu, hukuniona uso. Nililiona doa la jiwe la Mwakio, lile lile, kijivu kile kile, limekaa juu ya karatasi ya hospitali. Nikamwambia, "Karatasi yako chafu, daktari."

Akasema polepole, "Karatasi iko safi, mzee. Hiyo iko kwa jicho yako."

Zuhura, nimeshuhudia shimo likiporomoka na watu ndani. Sikushtuka vile. Niliona mkono wako juu ya msahafu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, "kiapo cha uongo." Nilikuwa nimekaa, lakini nilihisi kama kiti kimeondolewa.

Daktari akaendelea, yeye hana habari. Akaeleza kuwa nyuma ya jicho pana mahali padogo, kama kichwa cha pini, ndipo pa kuonea uso wa mtu na herufi na vitu vidogo, na kwangu pamevimba. Akauliza, "Hii shida ilianza lini?"

Sikiliza hapa, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokukosea mara ya pili, na mara hii nilikuwa najua. Siku ya kuanza niliijua. Ilikuwa ni homa ile, siku ile ya jiwe. Lakini wewe ulikuwa umesimama pale nyuma na kadi mkononi. Ningesema miezi sita na zaidi, ungehesabu. Una akili, ungehesabu hapo hapo, ungefika kwenye jiwe kabla sijafunga mdomo. Nikasema, "Wiki mbili."

Daktari akafurahi. Akasema kama ni wiki mbili tumewahi, sindano itapunguza uvimbe na huenda nikaona tena vizuri. Ukanibana bega kwa furaha. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha neno lenyewe likaniingia. Sindano ya jicho! Nilidhani atanidunga mkononi au matakoni kama watu wote. Nikauliza, "Jicho hili hili? Na mimi nikiona?" Akasema ndiyo, hakuna dawa ya usingizi. Nikatoka nje kwenye benchi, wewe ukanifuata. Pale palikuwa na mama mmoja wa Kilifi, jicho moja limefungwa bandeji, amekuja mara ya nne. Akanitazama akacheka. "Baba mzima unatetemeka! Utaona sindano ikija? Huioni. Utaambiwa utazame puani, daktari anakuja kwa nyuma. Wewe mbane huyo binti mkono, usipige kelele, wengine hapa wanasubiri watatoroka."

Wakanitia matone, moja, mbili, tatu, jicho likawa si langu. Wakanitia kidude cha chuma cha kuzuia kope, sikuweza kupepesa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kutopepesa. Nesi akanishika kichwa, "Usisonge, mzee." Taa nyeupe. Daktari akasema tazama chini, kuelekea pua. Sikuhisi mchomo. Nilihisi kitu kinasukuma kutoka nyuma ya jicho, kama kidole gumba cha mtu aliye ndani ya kichwa changu, kisha rangi zikapita, za zambarau na manjano. Mkono wako niliushika. Niliubana mpaka nesi akasema utamvunja mtoto vidole. Hukuuondoa.

Unajua niliwaza nini pale kitandani? Wenzangu wanaomba dua. Mimi niliwaza, mkono huu ninaoushika ndio niliouapisha.

Tukarudi Voi na bandeji, na mtaa mzima ukasema Salim ameng'olewa jicho, wamelitoa wakaliweka kwenye sahani wakalisafisha. Ulicheka sana, ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukicheka tangu jiwe. Nilitaka kukwambia siku ile. Wallahi nilitaka. Nikasema kesho.

Sindano ya pili ilikuwa wakati wa mvua zile kubwa zilizokata barabara. Tukirudi tulikwama Maungu kutwa na usiku, na chupa ya matone ilibaki kwenye mkoba juu ya basi, ukashindwa kunitia. Sindano ya tatu, daktari akanitazama kwa taa yake muda mrefu. Akarudi nyuma, akakuna kichwa. "Mzee, uvimbe imepungua, lakini hapa kuna kovu. Kovu kama hii si ya wiki mbili. Uko na uhakika ilianza ile wakati ulisema?"

Wewe ulikuwa pale.

Nikasema, "Nina hakika."

Akasema sindano inatoa uvimbe, kovu haitoi. Akasema angejua mapema kuwa ni jambo la siku nyingi angenieleza hivyo tangu mwanzo, nisingejipa matumaini. Pembeni nitaona, katikati hapana tena. Basi tukatoka. Kwenye ngazi ukasimama, ukaniuliza, "Baba, si labda ni ile siku ya Maungu? Si ni kwa sababu sikukutia dawa?"

Nami sikusema kitu. Zuhura, sikusema kitu! Nilikuacha uteremke ngazi zile na jina la mwizi wa jiwe, ukiamini kuwa na jicho umeliua wewe. Nilisema tu, "Tumshukuru Mungu." Maneno mazuri, nikayafanya shuka la kujifunikia.

Matone ya siku moja hayakuwa na neno. Kovu lilikwisha kuwapo kabla hujaijua hospitali ile inakaa upande gani.

Umeona nimekuwa mkali nyumbani miaka hii, na kila mtu anasema ni kwa sababu ya jicho na meza niliyoifunga. Si jicho. Nimezoea jicho. Nimejifunza kumwangalia mtu sikioni ili nimwone uso kwa pembeni. Ukali ni wa mtu anayekaa nyumba moja na aliyemdhulumu, naye anamwandalia chai.

Sasa unakwenda kusomea ualimu. Sina la kukufundisha kuhusu watoto, lakini nitakwambia hili kwa kuwa nililinunua ghali. Siku moja kitu kitapotea darasani kwako, na utakuwa na hakika nani kachukua. Hakika kabisa, kama niliyokuwa nayo mimi. Usimwapishe mtoto. Mtoto akiapa kweli na asiaminiwe, hana tena pa kwenda, umemfungia mlango wa mwisho. Mpe nafasi ya kurudi kukaa, hata kama unadhani amekosa. Na ukigundua kuwa mkosa ni wewe, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inakukauka. Mimi nilisema kesho, na kesho yangu imekuwa na miaka mitatu.

Jana nilikwambia nakwenda Mwatate kuangalia mbuzi. Hapana mbuzi. Nilikwenda kwa Mwakio. Nikamweleza yote, jiwe, jicho, karatasi ya daktari. Akanisikiliza, hakukasirika, akanipa hata kiti. Akasema, "Mimi nilijua jiwe iko safi. Hiyo maneno yako ilinichoma, lakini imepita. Mtoto je? Umemwambia?"

"Bado."

Akauliza, "Sasa umekuja kwangu kufanya nini?"

Nikarudi nyumbani bila kunywa maji. Ndiyo sababu ya barua hii. Mamako naye nimemwambia leo asubuhi. Akasema, "Nilimwamini siku ile, nikakuogopa wewe." Naye analo lake la kukuomba, atakwambia mwenyewe.

Lakini barua ni siri, na mimi sikukushutumu kwa siri. Kesho baada ya alfajiri watu watakuja kukuombea dua. Bi Mwanamkuu atakuwapo na mumewe, nimehakikisha. Mwakio ameahidi kuja. Kabla ya dua nitasimama niwaambie yote haya, kwa mdomo wangu, mbele ya wale wale walioshuhudia. Nakupa barua leo ili yasikushtukize pale mbele za watu. Nimekushtua vya kutosha katika maisha yako.

Na kuna desturi yetu, anayesafiri hupiga magoti kwa wazazi wake akawaomba radhi. Kwa mamako fanya. Kwangu usipige magoti, nakuomba. Mimi ndiye nitakayekuja pale uliposimama, na nitakuomba unisamehe, na hulazimiki kunijibu. Usinisamehe kwa sababu ya watu, wala kwa sababu nimezeeka, wala kwa kuwa basi linapiga honi. Moyo ukikataa, beba sanduku lako uende, na mtu yeyote atakayekusema vibaya atajibiwa na mimi.

Radhi zangu unazo, Zuhura, hata ukiondoka bila kunipa mkono.

Babako,
Salim